Udongo ya Kichuguu ya Mama Ngena

Siku ya kwanza, Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa kenda

We Masikio-Kubwa, amka. Nimekupa ile jina leo juu unasikia yote na haurudishe neno. Kaye ingine, daftari sawa we, ingekuwa imeshakimbia kunisema kwa bamama ba soko.

Wiki hii ni zamu yangu ya terrain, uwanja wetu wa tennis. Nimeamuka saa kumi na moja. Nimefagia na matawi ya mingazi, ile miti ya mawese, toka filet, wavu wa katikati, kwenda nyuma, kwa kuzungukazunguka. Nimeleta maji toka ziwani, bidon kumi na mbili. Nimemwanga. Nimevuta rulo, ile pipa ya mazuti yenye balijaza beton, simenti na mawe. Mugongo imekufa. Niko na furaha sana.

Klabu yetu ya tennis hapa Baraka iko na terrain moja tu, ya udongo nyekundu. Bamembre makumi mbili na mbili. Hatuna mufanyakazi. Sheria ni hii: unacheza, unafagia. Kila wiki muntu moja. Hata Papa Etabo, prezida wetu, infirmier, muuguzi wa zamani, miaka makumi saba, anavuta rulo na kofia yake ya majani.

Mi tennis nilijifundisha kwa video za telefoni. Kutengeneza telefoni pia nilijifundisha mwenyewe, na sasa niko na meza yangu sokoni. Ninafungua, ninaharibu, ninarudilia, inatembea. Kila kintu iko vile. Njo maoni yangu.

Sasa shida. Penye tunasimama kwa kuserva, kuanzisha mupira, pande zote mbili, terrain imechimbika. Mashimo. Muguu inazama. Na siku ya posho, Jumamosi tarehe 14, ba klabu ya Uvira banakuja kucheza na sisi. Mara ya kwanza banakubali kuja. Mi niko ndani ya équipe, timu yetu. Na terrain iko kwa mikono yangu.

Siku ya pili, tarehe 3

Nilienda kwa Mama Ngena kuomba udongo. Hayuko. Mulango imefungwa na kamba.

Niandike vizuri, nisisahau. Terrain yetu haipende udongo yote. Ya shamba inapasuka. Ya muto inateleza. Inataka ya kichuguu tu, juu muchwa zimeshaitafuna mpaka imekuwa laini sawa unga. Unailowesha, unaipiga rulo, inashika. Juu yake tunamwanga matofali ya kusaga, njo ile rangi. Na kichuguu yenye inatupatia udongo ni moja, ya Mama Ngena, kule mwisho wa kartie, mutaa wetu, nyuma ya furu, tanuri ya matofali. Inanipita urefu mara mbili. Bwana yake alimuachia mbele ya kufa. Kwetu kichuguu iko na mwenyewe, sawa mungazi, sawa mbuzi.

Kila mwaka, terrain ikichimbika, mwenye zamu ya ile wiki anabeba chumvi kidogo, anaenda kwake, anaikaa chini, anaomba. Mama anazunguka kichuguu na fimbo. Anagonga. Anatega sikio. Anatia alama kwa upande wenye ulishakufa. "Hapa. Basini kumi. Usipite alama." Basi. Kisha mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi zikitoka, anazikamata, anazikaanga, na sahani ya kwanza inaenda kwa muntu mwenye aliomba udongo. Mbele ya batoto yake mwenyewe. Mbele ya pasteur.

Mwaka jana sahani ilienda kwa Papa Etabo. Niliona vile alikuwa anakula, moja moja, macho ya kufunga. Hakutupatia hata bawa. Mwaka huu ni zamu yangu.

Jirani anasema Mama yuko Kilembwe, kwa kilio ya dada yake. Atarudi siku gani, jirani hajue.

Siku ya ine, tarehe 5

Nimejaribu udongo ya shamba. Asubuyi nilijaza mashimo, nikapiga rulo. Saa sita jua ikapasua yote, sawa kisigino ya muzee. Bure kabisa. Nimeitoa na mikono. Kucha moja imevunjika.

Papa Etabo alikuja kuangalia. Akatia muguu ndani ya shimo, akaitoa.

"Wabiwa, mwana wangu, ba Uvira bataona terrain mbele ya kutuona sisi."

Nikamuambia Mama Ngena hayuko.

"Basi ngojea Mama."

Kungojea! Mi hata maji ya chai siweze kungojea. Ninakunywa ya vuguvugu.

Kilembwe ni mbali. Kilio iko na siku zake. Tarehe 14 haingojee muntu.

Siku ya tano, tarehe 6

Nimechimba.

Nitaandika yote, kisha nitakufunga, nikufiche chini ya godoro.

Nilitoka na brouette, toroli ya klabu, jua ikianza. Nilipita kwa Alimasi, kijana mwenye furu ya matofali. Yake yenye kuvunjika anatupatia bure, njo tunasaga kwa terrain. Yeye na mi tunachekana kila siku.

"Madame Vumbi! Leo tena? We utakuja kuolewa na ile rulo."

Nikamujibu rulo haivute tumbako, haikorome, ni bwana muzuri. Akacheka mpaka akakohoa. Gurudumu ya brouette ilikuwa inataka kutoka. Akatafuta musumari, akaikaza yeye mwenyewe, akaipiga teke kuijaribu. Nikamuambia nitachukua matofali nikirudi. Hakuulize nitarudi toka wapi.

Kwa kichuguu nilitafuta alama ya mwaka jana. Mvua ilishaifuta. Nikagonga na fimbo sawa Mama. Nikatega sikio. Sikusikie kintu. Nikajiambia: ni hapa. Uongo. Sikujuwe.

Ya inje ilikuwa na mizizi na vijiwe. Nikajiambia: kidogo ndani. Kidogo ndani ilikuwa nzuri. Nikaingia tena. We Masikio, ile udongo! Baridi, laini, hakuna jiwe hata moja. Kuishika tu ni raha. Sikuhesabie basini. Nilijaza brouette mara tatu. Mara mbili za kwanza Alimasi alikuwa ameenda kutafuta kuni. Mara ya tatu jembe ikapasua kintu sawa chungu.

Bonge ikaanguka, ikafunguka. Ndani yake: mama yao, malkia ya muchwa. Mweupe, munene sawa kidole gumba yangu, murefu kuipita. Alikuwa anapumua na mwili yote. Hana mabawa, hana mbio. Sijawahi kumuona na nilimujua papo hapo. Nilipiga magoti, nikatafuta jani ya kumurudisha. Kuku ya jirani ilikuwa pale inakula muchwa. Ikamunyakua. Ikakimbia naye.

Nilifunika shimo na matawi. Nilirudi kupitia kwa Alimasi. Yuko. Nikatia matofali juu ya udongo, nikaifunika yote. Alinisaidia kusukuma kwa kilima. Alikuwa anaimba.

Siku ya Mungu, tarehe 8

Sikuende kanisani. Terrain.

Ni lazima niseme: sijawahi kuona terrain sawa hii. Nilijaza, nikalowesha, nikaacha ikanywa, nikapiga rulo mara makumi ine, nikamwanga chumvi isikauke, kisha matofali ya kusaga juu. Mistari nimechora na shokaa ndani ya kopo ya tomate yenye kutobolewa. Zimenyooka sawa kamba. Mupira unaruka fasi zote sawa sawa. Bamembre balipita toka kanisani na nguo za misa, bakasimama, bakapiga makofi. Kwangu!

Papa Etabo akainama, akachota udongo kidogo, akainusa.

"Mama Ngena amerudi?"

"Nilipata pengine, Papa."

Akaniangalia murefu. Akapangusa vidole kwa mutandio wa bibi yake. "Nzuri," akasema. "Nzuri sana."

Mangaribi nikapita kuona kichuguu. Sikufike karibu. Siafu. Mustari nyeusi inapanda, inaingia chini ya matawi yangu. Mustari ingine inatoka, kila moja iko na kintu nyeupe mudomoni.

Niko muntu mubaya. Nimeandika. Basi.

Siku ya tatu, tarehe 11

Mama Ngena amerudi.

Nilisikia habari kwa meza yangu, sokoni, niko nafungua telefoni ya mwalimu mumoja. Bamama ba ndagala balikuwa banasema: alifika jana, hakuingie hata nyumbani, alienda moja kwa moja kusalimia kichuguu yake. Alitoa matawi. Alikaa chini na kitambaa ya kilio bado kwa kichwa. Hakulie. Aliita tu jina ya bwana yake.

Na tayari banajua ni nani. Ni Alimasi, banasema. Mwaka jana alimuomba udongo ya matofali, Mama akamukatalia, bakarushiana maneno mbele ya bantu. Na njia ya gurudumu inatoka kwa kichuguu inaenda mpaka kwa furu yake.

Njia ya brouette yangu.

Nilikata waya ndogo ya telefoni ya mwalimu. Haitengenezeki. Nikamuambia ilikuwa imeshaharibika mbele.

Uongo ya pili. Ama ya tatu. Ziko nazaliana.

Siku ya posho, tarehe 14

Match. Ba Uvira balifika bane, na viatu nyeupe. Kapiteni yao aligusa terrain na mukono muzima, sawa muntu anagusa ngombe ya kununua. Akauliza ni nani anaichunga. Bakaninyooshea kidole bote.

Tulishinda. Mi nilishinda yangu. Sitaandika namba. Kila nikiserva nilikuwa nasimama juu yake. Juu ya nyumba ya muchwa yenye kusagwa. Mara moja nilianguka goti chini, goti ikawa nyekundu, bantu bakapiga kelele "Wabiwa! Wabiwa!" Nikapangusa goti, nikaserva tena.

Papa Etabo alifanya hotuba. Akasema terrain hii ni heshima ya Baraka. Hakuniangalie akisema.

Mama Ngena hakukuje. Kila match anakujaka, anaikaa chini ya ukuta na karanga zake, anacheka tukikosa mupira. Leo ile fasi ilikuwa tupu. Nilimushukuru Mungu hakukuje. Kisha nikapata haya ya kushukuru.

Siku ya kwanza, tarehe 16

Shefu wa kartie aliita barza. Bantu balijaa mpaka barabarani. Nilienda. Nilijiambia nitasema. Nilikuwa nimepanga hata neno ya kwanza.

Alimasi alisimama katikati, mikono na udongo kavu. Aliona mi ndani ya bantu. "Madame Vumbi, na we umekuja kunitazama? Kaa basi, sinema ni bure." Bantu bakacheka. Akacheka na bo. Alikuwa hajaogopa. Muntu mwenye hana kosa haogope haraka.

Shefu akauliza: gurudumu ni ya nani? Akajibu: "Kwangu brouette zinapita kila siku, Shefu. Bantu banakuja kuchukua matofali." Ni nani? "Bengi." Basi.

Mama Ngena akasimama. Ni mufupi, anasemaka pole pole.

"Sitaki kintu yake. Sitaki mbuzi, sitaki kitenge. Mwenye alifanya aseme: ni mi. Nikijua ni nani, nitalala."

"Mama, sitasema yenye sikufanya. Hata kwa kukulalisha."

Hapo bantu hawakucheke tena. Walisema anamutukana mujane. Shefu akaamuru: furu ifungwe mpaka aungame. Bakachukua mule zake, zile fremu za kukatia matofali, bakazifungia ndani ya bureau.

Neno yangu ya kwanza ilikuwa hapa, kwa meno. Ilibaki hapo hapo. Nilikuwa nasikia harufu ya jasho ya bantu, na nikafikiri: équipe yangu, meza yangu, jina yangu. Kwa ile mupangilio. Mara tatu nilivuta pumzi. Shefu akasema barza imeisha.

Alimasi alipita karibu nami. Akanigusa bega. "Wiki hii mutakosa matofali, pole."

Pole! Kwangu!

Siku ya ine, tarehe 19

Furu ni baridi. Matofali mabichi yamepangwa inje, hayana wa kuyachoma. Mvua ikikuja mbele, yote yatarudi kuwa matope. Batumishi bake babili bameenda Lulimba kutafuta zahabu.

Niko naongea na mi mwenyewe siku nzima. Atapata mule zake, nasema. Shefu atachoka, nasema. Muchwa ni muchwa, nasema. Kisha jioni yote imekuwa uongo, naanza upya.

Zamu yangu ilishaisha. Ninafagia bado. Muzee mumoja wa klabu amesema mi ni mutoto wa mufano.

Sikule.

Siku ya pili, tarehe 24

Imenyesha. Usiku kucha, mvua ya kweli, ya kwanza. Asubuyi hewa ilikuwa safi na kumbikumbi zikatoka kila fasi. Kwa kichuguu ya parokia, kwa ya shule, kwa zile ndogo za kando ya barabara. Mabawa kila mahali. Bantu na basini, na nyungu, na mashuka. Kila muntu anacheka. Hata bamilitari ba barrière ya barabara balikuwa banakimbilia na kofia.

Miguu ilinipeleka kwa Mama Ngena. Siyo mi, miguu.

Alikuwa amekaa mbele ya kichuguu yake. Basini kando, ndani yake maji kidogo. Alishapanga majani ya migomba kwa kuzunguka, vizuri, sawa kila mwaka. Aliniona.

"Karibu, mujukuu. Ikaa. Mikono ya vijana inakamata vizuri."

Nilikaa.

"Mwaka huu klabu hamukuniomba udongo. Terrain yenu iko salama?"

"Iko salama, Mama."

"Vizuri. Nilikuwa nafikiri munanikasirikia."

Tulingojea. Mi, mwenye siwezi kungojea maji ya chai, nilingojea mpaka jua ikawa juu kabisa. Kwa majirani bamama balikuwa banaimba. Kwake ilitoka siafu moja. Kisha muchwa tatu, ndogo, hazina mabawa, zilikuwa zinazunguka tu sawa bantu bamepoteza njia ya kilio. Mama aliziangalia. Akafunika basini na sahani.

"Ilikuwa inatoka hata mwaka wa kukimbia vita," akasema. "Tulirudi toka ngambo ya ziwa, nyumba hakuna, kichuguu iko. Ikatoka."

Nilisema ninaenda kutafuta maji. Sikurudi.

Siku ya tatu, tarehe 25

Nimesema.

Sikupange neno ya kwanza. Nilifika, alikuwa anachagua maharagi, nikasema: "Mama, ni mi. Alimasi hapana. Ni mi, na brouette ya klabu, juu ya terrain." Yote pamoja, bila kupumua.

Mukono yake ilibaki ndani ya maharagi.

Nilingojea matusi. Nilingojea kofi, ningeipokea na furaha. Aliuliza kintu moja tu.

"Ulimuona?"

Nilijua anasema nani. Ndiyo, Mama.

"Yuko namna gani?"

Nikamuonyesha kidole gumba. Nikamuambia mweupe. Nikamuambia anapumua na mwili yote. Nikamuambia kuku. Hapo nililia, lakini kilio yangu ilinichukiza, nikaikata.

"Bwana yangu alikufa hakumuone," akasema Mama Ngena. "Mi pia nitakufa sikumuone. Kumbe ni wewe mwenye ulimuona."

Nikasema nitarudisha udongo, yote, nitakwangua terrain, basini kwa basini, hata peke yangu. Akacheka. Ile cheko ndogo anachekaka tukikosa mupira.

"Udongo yenye mumekanyanga na viatu, nitafanya nayo nini? Nitaikaanga?"

Kisha akarudilia kuchagua maharagi.

"Enda kwa Alimasi. Kwake, siyo hapa. Mbele ya bantu bake."

Siku ya ine, tarehe 26

Nilipita kwanza kwa shefu, nikasema. Alikasirika juu barza yake imekuwa bure. Alinipatia mule za Alimasi nizibebe mi mwenyewe kwa kichwa, katikati ya soko, saa ya bantu wengi. Bamama ba ndagala balinyamaza meza kwa meza nikipita. Haijawahi kutokea, ile soko kunyamaza.

Kwa furu alikuwako yeye, kaka yake, na jirani babili. Matofali mabichi: nusu ilishakuwa matope. Mvua ya juzi. Nilitua mule chini. Nikasema mbele yao.

Kaka yake alinitukana, mimi na familia yangu na klabu na Uvira. Sawa. Alimasi hakunitukane. Alikuwa anaangalia gurudumu ya brouette. Nilikuja nayo, sijue juu ya nini.

"Nilijua ulipita," akasema. "Sikutaje jina yako kwa barza. Nilijiambia huyu alikuja kuchukua matofali tu, wasimusumbue."

Masikio, hii njo inaniua. Siyo kuku. Siyo hata Mama. Hii.

Nilivua viatu, nikaingia ndani ya shimo ya matope, nikaanza kukanyaga udongo ya matofali. Hakunifukuze. Hakuniongeleshe. Nilikanyaga mpaka saa kumi. Hakuniita Madame Vumbi.

Siku ya tano, tarehe 27

Komite ya klabu ilikaa. Baliniita. Bamoja walisema nimewachafulia jina, kumbe tulishinda juu ya udongo ya wizi. Mumoja alisema nifukuzwe. Papa Etabo alikuwa anashika kofia yake kwa magoti.

"Mi niliinusa," akasema. "Ile siku ya Mungu. Miaka makumi tatu ninanusa ile udongo, unafikiri sikujuwe? Nilinyamaza juu ya match. Mukimufukuza, mutufukuze babili."

Uamuzi: mpaka mwaka mupya kucheza hapana. Kufagia ndiyo. Kila siku. Na Papa Etabo aliomba azabu ile ile kwake. Walikataa juu ya umri. Atakuja tu, ninamujua.

Siku ya Mungu, tarehe 29

Leo hakuna upepo. Ziwa imelala.

Nimefagia. Rulo tulivuta mi na Papa Etabo. Penye kuserva udongo imekaa vizuri. Hata mvua haikuitoe. Itabaki miaka.

Nilitoka kule, nikakanyaga matope kwa Alimasi mpaka saa sita. Leo alisema neno moja: "Maji." Nikaleta maji. Furu atawasha wiki ijayo, kama mvua inamuachia.

Mangaribi Mama Ngena alikuja kwangu. Hajawahi kufika kwangu. Alikuwa amebeba kintu chini ya kitenge, nikafikiri ni mbao, ni fimbo, sijue. Ni sahani. Ile yake ya maua ya bleu, yenye kuvunjika pembeni. Imejaa kumbikumbi za kukaanga.

Zilitoka wapi, sikuweze kuuliza. Aliniambia mwenyewe: majirani wamemuletea. Huyu kikombe, huyu kitambaa, huyu kikapu. Miaka yote yeye aliwapatia, sasa wamemupatia yeye. Alizikaanga zote pamoja.

"Mwaka huu mwenye alichukua udongo ni we," akasema. "Shika."

Nikashika. Hakukae. Nilimusikia akisalimia muntu barabarani, akiuliza habari ya muguu yake.

Sahani iko hapa kwa meza, karibu nawe. Bado ni ya moto. Alitia chumvi kidogo, vile inapendeza. Nyumba yote inanuka. Papa Etabo, mwaka jana, alifunga macho.

Nikizirudisha, nimemukatalia mbele ya kartie yote. Nikizitupa, ni kuku tena inakula. Nikizikula, zitapita wapi mu hii shingo?

We Masikio-Kubwa, haujawahi kunijibu na sikuombie hata siku moja. Leo ninakuomba. Ungekuwa mi, sahani iko mbele yako: ungekula?